Oili Ipi Ifaayo Gari la Mbio

Gari la mbio hupendwa kwa umbo lake la chini, kwa mngurumo wake, na kwa wepesi wake wa kuondoka mahali liliposimama. Lakini vyote hivyo vyategemea lita nne au tano za oili zinazozunguka gizani ndani ya injini, ambazo watu wengi hawazikumbuki mpaka siku taa nyekundu itakapowaka mbele ya dereva. Mara nyingi siku hiyo onyo huwa limechelewa, na kilichobaki ni kuhesabu hasara.

Magari ya namna hii, yaliyokwisha kutumiwa Japani, yameletwa Afrika Mashariki kwa wingi. Nchini Uganda, Subaru Impreza yenye turbo ni miongoni mwa yale yanayopendwa na vijana. Katika wanunuzi wake wamo askari wa jeshi na wa polisi, na baadhi yao hununua kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha ushirika, unaokatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Injini ikifa kabla mkopo haujakwisha, mshahara huendelea kukatwa kwa ajili ya gari lisilotembea, na pengo hilo huzibwa kwa fedha za karo, za chakula na za kodi ya nyumba. Kwa hiyo jambo la oili haliwezi kuachiwa fundi peke yake. Ni jambo la nyumba nzima.

Penye maduka ya vipuri mnunuzi hupewa ushauri wa namna tatu. Wa kwanza husema kuwa hii ni nchi ya joto, basi na atie oili nzito kuliko zote. Wa pili husema anunue iliyo ghali kuliko zote. Wa tatu husema oili ni oili, almuradi injini isikauke. Ushauri wote huo una kasoro. Oili ifaayo ni ile iliyotajwa na watengenezaji wa injini yenyewe, iliyo ya kweli na isiyoghushiwa, iliyojazwa kwa kipimo chake, na inayobadilishwa kwa wakati. Hayo manne yakitimia, injini hudumu. Likikosekana moja, mengine matatu hayataiokoa.

KAZI YA OILI

Ndani ya injini vyuma hupishana kwa kasi kubwa. Injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kranki huzunguka mara 100 katika kila sekunde moja. Turbo, ambayo husukumwa na moshi wa moto utokao katika silinda, yaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hakuna chuma kiwezacho kusuguana na chuma kwa kasi hiyo kikabaki kizima. Kinachovitenganisha ni utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Pampu huisukuma oili baina ya kranki na beringi za konrodi, nayo kranki huelea juu ya utando huo mithili ya mtumbwi juu ya maji.

Oili ina kazi nyingine pia. Huchukua joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki, hasa chini ya pistoni. Huosha masizi na kuyabeba mpaka kwenye chujio. Huzuia kutu, na huziba nafasi ndogo iliyo baina ya ringi za pistoni na silinda. Utando ukikatika hata kwa muda mfupi, beringi hukwaruzika, kisha huanza kugonga. Mafundi husema injini imenoki. Ikifikia hapo, dawa yake ni kuifungua yote, ama kununua nyingine.

MAANA YA NAMBA

Juu ya kopo huandikwa namba kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50. Namba hizi zinafuata utaratibu wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kifupi chake SAE, ambacho kilitoa madaraja yake ya kwanza ya oili mwaka 1911. Hazielezi ubora wala bei. Zaeleza uzito tu, yaani jinsi oili itiririkavyo kwa wepesi au kwa shida.

Namba ya kwanza, iliyofuatana na herufi W, yahusu baridi. Oili ya 20W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Ile ya 15W hupimwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W katika nyuzi 25, na ya 5W katika nyuzi 30. Baridi kama hiyo haijulikani Kampala, wala Kabale penye milima asubuhi ya mvua. Ndiyo sababu wengi hudhani kuwa namba ya kwanza haina maana katika nchi zisizo na theluji.

Dhana hiyo si sahihi. Kila mpishi ajua kuwa samli iliyolala usiku kucha huwa nzito, na ikipata moto huwa nyepesi kama maji. Oili ya injini nayo ina tabia hiyo. Asubuhi, injini ikiwa imepoa, oili ya aina yoyote huwa nzito kupita inavyotakiwa, hata ile iliyo nyepesi kuliko zote dukani. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo ambazo vyuma huwa na utando haba, na oili yenye namba ndogo mbele ya W huwahi kufika kwenye kamshafti na kwenye turbo. Hivyo basi, kwa gari linalowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, 5W au 10W hulinda injini kuliko 20W, hata mahali palipo na joto.

Namba ya pili yahusu moto. Hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, lililo karibu na joto la injini iliyokwisha kwenda kitambo. Kwa kipimo kiitwacho sentistoki, daraja la 30 huwa baina ya 9.3 na 12.5, daraja la 40 baina ya 12.5 na 16.3, na daraja la 50 baina ya 16.3 na 21.9. Kipo na kipimo kingine, ambacho oili hukamuliwa kwa nguvu katika joto la nyuzi 150, mfano wa mambo yanayoipata ndani ya beringi za gari linalokwenda kasi. Katika kipimo hicho 5W-30 haina budi kufikia angalau 2.9, na 5W-40 haina budi kufikia 3.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozilinda beringi katika safari ndefu ya mwendo mkali.

Huenda mtu akauliza kwa nini basi isitiwe ya 50 moja kwa moja. Jibu ni kwamba beringi hupozwa na oili mpya inayopita, na oili nzito kupita kiasi hupita kwa shida. Pampu ikiisukuma, mshale wa geji hupanda na dereva hufurahi, lakini mshale huonyesha msukumo tu, hauonyeshi ni oili kiasi gani inayopita. Pampu yenyewe ina valvu ya kupunguzia msukumo. Ukizidi, sehemu ya oili hurudishwa chini kabla ya kufika ilikotakiwa. Matokeo yake ni joto zaidi, petroli zaidi, na nguvu kidogo.

MAGARI MAWILI, OILI MBILI

Yafaa kutoa mfano wa magari mawili ya mbio yaliyopata sifa katika barabara za Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi, matope na miinuko. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilimpa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, baada ya yeye na Harry Källström kumaliza wakiwa na pointi sawa. Mehta alishinda tena kila mwaka kutoka 1979 mpaka 1982, jumla mara tano. Baadaye, Safari ilipokuwa ikifanyika Kenya peke yake, Subaru Impreza ilimpa ushindi Colin McRae mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000.

Magari hayo yote mawili ni ya Japani na yote ni ya mbio, lakini oili ya moja haimfai mwenziwe.

Injini ya Datsun 240Z ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Haina turbo. Ndani yake vikono vinavyofungua valvu husuguana na kamshafti uso kwa uso. Msuguano wa namna hiyo wahitaji oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, ambazo huacha ngozi nyembamba ya kinga juu ya chuma. Oili za miaka ya 1970 zilikuwa nazo. Lakini fosforasi hudhuru kifaa cha kusafishia moshi kilichomo katika ekzosi za magari ya baadaye, na kwa ajili hiyo ilipunguzwa. Kuanzia daraja liitwalo SM, lililotokea mwaka 2004, oili nyepesi za petroli hazikuruhusiwa kuwa na fosforasi zaidi ya asilimia 0.08. Kwa hiyo anayetunza gari la kale la aina hiyo asitie 5W-30 mpya kwa kudhani kuwa upya ndio ubora. Humfaa 20W-50, au nyingine ya uzito wa karibu na huo, iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya injini za zamani.

Injini ya Impreza ni ya namna nyingine kabisa. Ina silinda 4 zilizolala, mbili upande huu na mbili upande ule, na katika zile za lita mbili ujazo ni sentimita 1,994. Ina turbo, na joto la turbo ni adui mkubwa wa oili dhaifu. Kitabu cha magari hayo ya mwanzo wa miaka ya 2000 hutaja 5W-30 kwa matumizi ya kawaida, na huruhusu nzito zaidi, kama 10W-50 au 20W-50, kwa majangwa yenye joto kali sana na kwa kazi nzito kama kuvuta trela.

Kwa mwenye Impreza ambaye injini yake haijachoka, naye huendesha kwa utulivu mjini, 5W-30 ya sintetiki yatosha. Yule asafiriye mara kwa mara kutoka Kampala kwenda Kabale, zaidi ya kilomita 400 na vilima vingi, au ambaye injini yake imekwisha kwenda mwendo mrefu, atafanya vema kuchagua 5W-40 au 10W-40. Hiyo huwahi kufika juu asubuhi, na haikatiki mchana. Daraja la 20W-50 liachwe kwa hali ngumu zilizotajwa na kitabu, lisifanywe desturi ya kila siku.

Kitabu cha gari kutoka Japani huandikwa Kijapani, na kwa sababu hiyo wapo wanaokitupa. Hilo ni kosa. Maandishi hayasomeki kwa wengi, lakini namba za oili huandikwa humo kwa tarakimu zile zile zilizo juu ya kopo, na mtu yeyote aweza kuzitafuta ukurasa kwa ukurasa. Kadhalika yafaa kutazama kifuniko cha mahali pa kutilia oili, kwani katika magari mengine namba huwa zimeandikwa hapo hapo.

Magari ya mbio yaliyo mapya zaidi, ambayo petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda na pia yana turbo, yana ugonjwa wao. Gari likipandishwa mlima polepole kwa gia kubwa, petroli yaweza kuwaka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, limetengenezwa ili kupunguza hatari hiyo. Nayo magari ya Ulaya hutaka idhini ya kiwanda chenyewe, kama vile A40 ya Porsche au 229.5 ya Mercedes-Benz, na mwenye gari hana budi kuitafuta namba hiyo nyuma ya kopo.

Wapo vijana ambao huvutiwa na oili za mashindano, wakidhani kuwa iliyomfaa bingwa itawafaa wao. Gari la mashindano hubadilishiwa oili baada ya muda mfupi sana. Kwa hiyo oili yake hutiwa dawa nyingi za kuzuia msuguano na dawa chache za kuosha. Ikikaa miezi ndani ya gari la nyumbani, masizi hujikusanya, na kifaa cha ekzosi huharibika.

HERUFI ZILIZO NYUMA YA KOPO

Baada ya uzito, hutazamwa herufi za Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambayo kifupi chake ni API. Herufi S huongoza madaraja ya injini za petroli, na herufi C madaraja ya injini za dizeli. Herufi inayofuata ndiyo ionyeshayo umri wa daraja. SA ni ya kale kabisa, nayo haina dawa za kinga. SN ilitokea mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Mwenye gari la petroli lenye turbo asikubali kopo lenye SA, SB au SC, hata kama picha ya gari la mbio imechorwa juu yake. Makopo ya namna hiyo hayakutengenezwa kwa injini za leo, na bei yao nafuu ndiyo mtego. Wahenga walisema kuwa rahisi huvunja upishi.

Madereva wa malori, wa jeshini na wa uraiani, wamezoea 15W-40 ya dizeli, na ni rahisi kwao kudhani kuwa yafaa kila chombo. Oili hiyo imetengenezwa kubeba masizi mengi ya dizeli. Ikiwa kopo lina herufi za aina mbili, tuseme CI-4 pamoja na SL, basi imepimwa kwa petroli pia, na itafaa ikiwa uzito wake unaruhusiwa na kitabu. Ikiwa ina C peke yake, isitiwe katika gari la petroli. Na ile iliyomo katika bohari ni mali ya serikali, ambayo haina nafasi katika gari la mtu binafsi.

KIPIMO NA TAA

Askari dereva hufundishwa kukagua oili, maji na tairi kabla ya kuondoa gari kambini. Ajabu ni kwamba wengine wakifika nyumbani huiacha adabu hiyo getini. Injini yenye turbo hula oili kidogo kidogo hata ikiwa nzima, na katika Impreza tofauti baina ya alama ya chini na alama ya juu ya kijiti cha kupimia ni karibu lita moja. Oili ikishuka, na gari likachukua kona ndefu kwa kasi, ile iliyobaki hukimbilia upande mmoja na kuacha mdomo wa pampu ukinyonya hewa. Hapo beringi hubaki kavu.

Kipimo hutazamwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke. Kijiti hufutwa, hurudishwa, kisha husomwa. Ni vema jambo hili lifanyike kila gari linapotiwa petroli. Oili isizidi alama ya juu, kwani kranki itaipigapiga mpaka iwe povu, na povu halishiki utando. Ikiwa imepungua njiani na ile ya kawaida haipatikani, ni afadhali kuongeza ya kampuni nyingine yenye uzito na daraja sawa kuliko kuendelea na safari kwa upungufu.

Taa nyekundu ya oili haionyeshi kiasi cha oili. Yaonyesha kuwa msukumo umekwisha kuanguka. Ikiwaka wakati gari likitembea, dereva aegeshe mara moja penye usalama na kuzima injini. Asijaribu kufika kituo kinachofuata, hata kama ni kilomita moja tu. Gharama ya kuvutwa na gari jingine ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini.

Rangi nayo hupotosha. Oili kuwa nyeusi si dalili ya ubaya peke yake, kwani yaweza kuwa inaosha ipasavyo. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake. Ikinuka petroli, silinda zinavuja. Na ikionekana chembe zing'aazo, ni beringi zinazosagika. Katika hali hizo gari liende kwa fundi kabla ya kwenda kwingine kokote.

WAKATI WA KUBADILISHA

Kwa injini za turbo za miaka hiyo, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litangulialo, ni kanuni salama. Panapo vumbi jingi, kama katika njia za Karamoja, au gari likitumiwa kwa vipande vifupi vya safari, muda huo upunguzwe. Chujio la oili libadilishwe pamoja na oili, kwani kuliacha la zamani ni sawa na kuoga na kuvaa nguo chafu. Baada ya mwendo mkali, injini iachwe inguruma polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili turbo ipoe huku oili ikiwa bado inapita. Ikizimwa ghafula, oili iliyobaki ndani yake huungua ikawa makaa magumu, na vijia vyembamba huziba.

Lipo jambo linalozihusu familia za askari hasa. Kuanzia mwaka 2007, Uganda ilipopeleka majeshi yake Somalia, askari wengi walikaa miezi mingi mbali na nyumbani, huku magari yao yakisimama uani. Desturi ya wengi ni kumwagiza mtu aliwashe gari kila Jumamosi kwa dakika tano. Nia ni njema, lakini tendo hilo hudhuru. Injini isiyopata moto wa kutosha hutengeneza unyevu na kuacha petroli ndani ya oili, na mvuke wake hauna nafasi ya kutoka. Mchanganyiko huo huwa tope na asidi. Lililo bora ni kubadilisha oili kabla ya mwenye gari kuondoka. Kisha mtu mwenye leseni aliendeshe angalau nusu saa kila baada ya wiki mbili. Ikiwa hapana awezaye kuliendesha, ni heri betri ifunguliwe na gari liachwe kabisa, na oili ibadilishwe tena mwenyewe atakaporudi ikiwa miezi 6 imepita.

MAKOPO YA UDANGANYIFU

Oili iliyotumika yaweza kuchujwa, ikatiwa rangi, ikarudishwa katika kopo la kampuni yenye sifa. Kwa macho haitofautiki. Mnunuzi ajilinde kwa kununua katika duka lenye anwani ya kudumu na litoalo risiti. Atazame kama mhuri chini ya kifuniko haujakatwa, kama maandishi ya kibandiko hayajafifia wala kukosewa, na kama namba ya toleo imepigwa juu ya kopo lenyewe. Bei iliyo nusu ya ile ya maduka mengine ni onyo la kutosha. Oili itiwe mbele ya macho yake, na kopo tupu asimwachie mtu. Alitoboe, ili lisije likajazwa tena kwa kumdanganya mwingine.

OILI CHAFU NYUMBANI

Oili iliyomwagwa kutoka katika injini si ya kuchezewa. Ina masizi, chembe za madini na kemikali ziwezazo kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara kwa miaka. Anayeibadilisha avae glavu, au anawe kwa sabuni mara amalizapo, wala asisafishe mikono kwa petroli. Nguo zilizolowa zisifuliwe pamoja na nepi au mashuka. Isipakwe juu ya vidonda vya watu wala vya mifugo. Isimwagwe kwenye mtaro, kwani maji ya mvua huipeleka kisimani na ziwani.

Ihifadhiwe katika dumu lililofungwa vizuri na kuandikwa, mbali na watoto, mpaka itakapopelekwa kwenye gereji au kituo cha petroli kinachoipokea. Dumu hilo lisirudi jikoni hata likioshwa mara kumi. Mtoto akimeza oili asilazimishwe kutapika, kwa maana ikiingia katika mapafu madhara huzidi. Apelekwe zahanati mara moja, pamoja na kopo lenyewe ili mganga aone ni kitu gani.

Mwisho, kila gari liwe na daftari lake dogo. Humo iandikwe tarehe, kilomita zilizosomwa, uzito na daraja la oili iliyotiwa, na kiasi kilichoongezwa kila mara. Daftari hilo laweza kutunzwa na mke, mume au kijana wa nyumbani ajuaye kusoma na kuandika. Baada ya miezi michache kurasa zake zitaonyesha kama injini imeanza kula oili kuliko zamani, nalo ni jambo ambalo taa nyekundu haliwezi kulisema mapema.